Mtumishi Asiyedaiwa: Upweke wa Kazi ya Mbali Kisiwani Mafia

Upweke wa kazini ni hali ya mfanyakazi kukosa watu wa kuwa nao kwa namna anayoihitaji, hata kama kazi yenyewe inakwenda vizuri na mshahara unaingia kwa wakati. Mwanasosholojia wa Marekani Robert Weiss, katika kitabu alichokitoa mwaka 1973, aliugawa upweke katika aina mbili: wa kwanza ni wa kihisia, unaotokana na kumkosa mtu mmoja wa karibu kabisa kama vile mwenzi wa ndoa au mzazi, na wa pili ni wa kijamii, unaotokana na kukosa duara la jamaa, majirani na marafiki ambao mtu huishi kati yao. Kiswahili kina maneno mawili yanayoweza kuubeba mgawanyo huo bila kulazimishwa, kwani ukiwa humhusu zaidi aliyefiwa au aliyeachwa, ilhali upweke ni hali ya aliye mmoja pasipo wenziwe. Tofauti hiyo ina uzito, maana dawa ya hali moja haiponyi nyingine: mwalimu anayezungumza na mkewe kwa simu kila usiku anaweza kuupunguza ukiwa, na bado akaamka asubuhi katika kijiji ambacho hakina mlango hata mmoja anaoweza kuupiga hodi bila ya kuwa na shida ya kueleza.

Tume ya Uhusiano wa Kijamii ya Shirika la Afya Duniani (WHO), katika ripoti yake ya tarehe 30 Juni 2025, ilikadiria kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani anaishi na upweke, na kwamba hali hiyo inahusishwa na vifo takriban 871,000 kila mwaka. Ndani ya ripoti hiyo limo jambo linalostahili kuzungumzwa zaidi Afrika Mashariki, nalo ni kwamba katika nchi za kipato cha chini kiwango cha upweke kilikaribia asilimia 24, takriban mara mbili ya kile cha nchi tajiri. Imani iliyozoeleka kwamba Mwafrika hawezi kuwa mpweke kwa kuwa amezungukwa na ukoo inahitaji kutazamwa upya, hasa kwa yule ambaye ajira ndiyo iliyomtoa ndani ya ukoo huo na kumpeleka mahali asipojulikana babu yake wala bibi yake.

Maneno "kazi ya mbali" yenyewe yana maana mbili, na kati yake mijadala ya siku hizi huichukua moja tu. Maana mpya ni ya kazi inayofanyika nje ya ofisi kwa njia ya kompyuta na intaneti, jambo ambalo Jack Nilles alianza kulichunguza Los Angeles mwaka 1973, wakati lengo lilikuwa kupunguza misongamano ya magari na matumizi ya mafuta. Maana ya zamani, ambayo Watanzania wanaijua vizuri zaidi hata kama hawakuipa jina hilo, ni ya kazi ya mtu aliyepelekwa mbali: mwalimu, muuguzi, afisa ugani au askari wa hifadhi aliyepangiwa kituo ambacho hakukichagua, katika nchi ambayo tangu uhuru iliona fahari kumpeleka kijana wa Kilimanjaro akafundishe Mtwara na wa Mtwara akatibu Kagera. Utaratibu huo ulisaidia kujenga taifa lenye lugha moja na mazoea ya kuchanganyika, na hakuna sababu ya kuubeza. Ila gharama yake ya kibinadamu haijawahi kuhesabiwa ipasavyo, na Mafia ni mahali ambapo gharama hiyo inaonekana wazi kuliko sehemu nyingi.

Wilaya ya Mafia, iliyo sehemu ya Mkoa wa Pwani, ina kisiwa kikubwa chenye makao makuu Kilindoni na visiwa vidogo vinavyokaliwa vikiwemo Chole, Juani na Jibondo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu humo zaidi ya watu 66,000. Ndege kutoka Dar es Salaam huchukua kama nusu saa, lakini nauli yake haiendani na mshahara wa mwalimu, kwa hiyo watumishi wengi hupitia Nyamisati, bandari iliyo kwenye delta ya Rufiji, na kutoka hapo huvuka kwa kivuko cha MV Kilindoni kilichoanza kazi mwaka 2021 au kwa vyombo vingine. Kivuko kimepunguza hofu ya safari, jambo ambalo yeyote aliyewahi kuvuka kwa mashua iliyojaa wakati wa kusi, yaani upepo wa kusini unaochafua bahari katikati ya mwaka, hawezi kulidharau. Hata hivyo Kilindoni si mwisho wa safari. Aliyepangiwa Bweni, karibu na Rasi Mkumbi, bado ana takriban kilomita 50 za kwenda kaskazini, na aliyepangiwa Chole au Juani ana kilomita zipatazo 14 mpaka Utende na kisha mashua, ambayo nayo husubiri maji yajae au yatulie. 

Umbali huo ndio ambao kwa kawaida hulaumiwa. Mtumishi anapoomba uhamisho huandika kwamba kituo kiko mbali, kwamba usafiri ni wa shida, kwamba familia iko bara. Na hayo yote ni kweli. Lakini umbali peke yake hauelezi kwa nini watumishi wawili walioripoti siku moja katika kijiji kimoja, wenye mshahara uleule na nyumba zinazotazamana, mmoja huondoka baada ya miaka miwili akiwa amechoka roho na mwingine huzeeka hapo. Kinachowatenganisha kinapaswa kutafutwa katika idadi na aina ya nyuzi zinazomfunga kila mmoja na watu wanaomzunguka.

Mwanaanthropolojia wa Uingereza Pat Caplan, aliyeanza utafiti wake katika kijiji kimoja cha kaskazini mwa Mafia mwaka 1965 na kurudi mara nyingi katika miongo iliyofuata, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1975 jambo ambalo ni ufunguo wa mada hii, ingawa yeye alikuwa akichunguza umilikaji wa ardhi na wala si upweke. Mwenyeji wa kijiji kile hakuwa wa ukoo mmoja. Alihesabu nasaba yake kwa upande wa baba na kwa upande wa mama pia, akawa na haki na wajibu katika makundi kadhaa kwa wakati mmoja, na maisha yake yalikuwa ya kuchagua alime wapi, ajenge wapi na ashiriki shughuli ya nani zaidi msimu huu. Aliyekosana na watu wa upande mmoja alikuwa na upande mwingine wa kuegemea. Juu ya nasaba ziliwekwa nyuzi nyingine: msikiti, dhikiri, chombo cha uvuvi, ngoma, unyago, jirani wa shamba la minazi. Uzi mmoja ulipokatika, mtu hakuanguka.

Mtumishi kutoka bara huingia katika kijiji hicho akiwa na uzi mmoja tu, nao ni wa kazi. Anakaa katika nyumba ya walimu ndani ya uwanja wa shule, ananunua samaki kwa fedha taslimu, anakunywa chai ya saa nne na walimu wenzake, anacheza bao au karata na walimu wenzake, anaingia katika mchezo wa kupeana fedha kila mwezi na walimu wenzake, na akiugua usiku ni wao wanaombeba mpaka ufukoni kutafuta mashua ya kumfikisha hospitali ya wilaya. Hakuna ubaya katika hayo. Ofisi ya walimu imewaokoa vijana wengi katika miezi ya kwanza, ambapo kila kitu ni kigeni, kuanzia harufu ya dagaa wanaoanikwa mpaka namna ya kuamkiana inayochukua muda mrefu kuliko alivyozoea. Tatizo huanza pale uzi huo wa kwanza unapobaki kuwa wa pekee, kwa sababu una kasoro tatu ambazo uchangamfu wa wenzake hauwezi kuziondoa.

Kasoro ya kwanza ni kwamba wenzake wa kazini hawakuchaguana, na wengi wao wana daraja. Mkuu wa shule anayeandaa chakula cha sikukuu nyumbani kwake ndiye huyohuyo atakayejaza taarifa ya utendaji wa yule aliyemkaribisha; mganga mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati au kituo cha afya, ndiye anayepanga zamu za usiku. Mazungumzo yanayoweza kumgharimu mtu kazi hayawezi kuwa huru, na mtu ambaye maongezi yake yote ni ya namna hiyo huishi akijichunga mchana na usiku. Katika kituo chenye watumishi sita, ugomvi mmoja juu ya zamu au juu ya deni la mchezo unaigeuza nusu ya dunia yake kuwa kimya.

Ya pili ni uhamisho. Urafiki wa watumishi umejengwa juu ya kitu ambacho mwajiri anaweza kukiondoa kwa barua moja, na katika kituo kinachokimbiwa barua hizo ni nyingi. Anayebaki huwasindikiza wenzake mara kwa mara mpaka gatini, kisha huanza upya na wageni wengine, na baada ya mara ya tatu au ya nne huacha kuanza. Hali hiyo haifanani na uvivu wala kiburi, ingawa mara nyingi husemwa hivyo. Ni akiba ya moyo iliyokwisha.

Ya tatu ndiyo nzito zaidi na ndiyo isiyozungumzwa: duara la watumishi humtosha mtu kiasi cha kumzuia asitafute jingine. Kwa kuwa ana wa kula naye na wa kucheka naye, haoni haja ya kukaa barazani kwa mzee jirani akisikiliza habari za minazi asiyoimiliki, na kijiji nacho, kikiona kwamba walimu wana wenyewe, huwaacha na wenyewe. Neno "watumishi" linalotumiwa kuwataja, ambalo kwa asili ni la utumishi na unyenyekevu, huishia kuwa jina la kabila dogo lisilo na mababu wala makaburi mahali hapo.

Neno la msingi katika uhusiano wa kijiji cha pwani ni deni, na hapa deni halina maana ya mkopo wa benki. Mtu akifiwa, majirani huleta mchele, kuni, maji na mikono; akiozesha, wanawake huja na sufuria zao na kukesha; ikiwa kuna maulidi, kila nyumba huchangia kwa kadiri yake. Yaliyotolewa hukumbukwa kwa usahihi mkubwa, wakati mwingine katika daftari, na hayalipwi kwa haraka, kwa sababu kulipa haraka ni kama kusema kwamba mtu hataki tena uhusiano. Deni linalobaki wazi ndilo linalomfanya jirani apite kesho kuuliza hali. Mtumishi mwenye mshahara, kwa nia njema kabisa, huvunja kanuni hiyo kila siku: huletewa madafu akatoa noti papo hapo, huchotewa maji akalipa kwa ndoo, huchangia msiba kwa kumtuma mwanafunzi na bahasha. Anaona kwamba amekuwa muungwana asiyemdhulumu mtu, na kijiji kinaona kwamba hana jambo lililobaki kati yake na wao. Asiyedaiwa na asiyedai hana sababu ya kutembelewa, na huo ndio upweke ambao hautibiwi na kivuko wala na nyumba mpya.

Ni haki kusema pia kwamba ukaribu wa kijiji una bei. Macho ya majirani yako kila mahali, umbea husafiri haraka kuliko bodaboda, na yeyote aliyesoma maandishi ya Caplan kuhusu husuda, majini na tuhuma za uchawi anajua kwamba wenyeji wenyewe huubeba mzigo huo kwa taabu. Mtumishi anayejificha nyuma ya ua wa shule anajikinga na kitu halisi. Mkristo aliyelelewa Mbeya au Bukoba, akiwa kati ya Waislamu ambao siku zao zimepangwa na adhana na mwaka wao na Ramadhani na Mfungo Sita, hupoteza kalenda yake yote kwa pamoja, na hakuna anayepaswa kumlaumu kwa kutafuta Jumapili yake kati ya wafanyakazi wenzake. Lugha moja huficha tofauti hizi, kwani wote wanazungumza Kiswahili na hivyo hudhaniwa kwamba wanaelewana, ilhali Kiswahili cha kisiwani kina adabu ya mzunguko, ya kusema jambo kwa kulipitia pembeni, ambayo kwa masikio ya mtu wa bara huonekana kama kutokuwa mkweli, na ukali wa moja kwa moja wa mtu wa bara kwa masikio ya kisiwa huwa ni ukosefu wa malezi.

Kwa mwanamke mambo ni magumu zaidi. Baraza, lile benchi la mawe au saruji mbele ya nyumba ambako wanaume hukaa jioni, halimhusu. Mwalimu wa kike ambaye hajaolewa na anaishi peke yake hutazamwa kwa maswali, na akitembelewa na mwalimu wa kiume maswali huongezeka. Duara lake la watumishi linapungua mara mbili, kwa kuwa wanawake ni wachache katika vituo vidogo na kwa kuwa urafiki na wanaume una gharama. Lakini upande wa wanawake una mlango wake, ambao ni kazi ya mikono. Kusuka ukili, yaani ule utepe mrefu wa ukindu unaoshonwa kuwa mkeka, ni kazi inayofanywa kwa kukaa pamoja alasiri huku watu wakizungumza, na mkeka wa Mafia una sifa pwani nzima. Anayekaa hapo kujifunza huanza kwa kuchekwa, na kuchekwa huko kuna thamani kubwa, kwa sababu kwa mara ya kwanza yeye ndiye asiyejua na wengine ndio walimu.

Wako wafanyakazi ambao kazi yenyewe huwafungia mlango huo. Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza ya aina yake Tanzania, ilianzishwa mwaka 1995 na ina eneo la kilomita za mraba 822 kusini mwa kisiwa, ikizunguka vijiji vyenye watu. Mwanaanthropolojia wa Marekani Christine Walley, aliyeishi Chole katika miaka ya 1990 na kuandika kitabu kilichotoka mwaka 2004, alionyesha jinsi wenyeji, maafisa wa serikali na wataalamu wa mashirika ya kimataifa walivyoielewa hifadhi hiyo kila mmoja kwa namna yake. Kwa mada hii inatosha kuona kwamba askari wa hifadhi anayekamata kokoro, yaani wavu wa kukokota, asubuhi hawezi kwa urahisi kukaa jioni na mwenye kokoro hilo, na kwamba mwongozaji wa wapigambizi katika hoteli za Utende, anayelala katika nyumba za wafanyakazi ndani ya uzio na kuondoka hoteli inapofungwa kwa masika, anaweza kumaliza misimu kadhaa akiijua miamba ya Ghuba ya Chole kuliko anavyowajua watu wa Chole.

Mafia hiyohiyo ina mfano wa kazi ya mbali ambayo haiwafikishi watu katika upweke huo, nao ni dago. Dago ni kambi ya muda ya wavuvi, iliyopigwa ufukoni au katika kisiwa kidogo, mbali na kijiji cha wavuvi hao, ambako nahodha na mabaharia wake hukaa kwa wiki au miezi wakifuata samaki. Ukiitazama kwa juu juu, dago lina kila kitu kinacholeta upweke: mke na watoto wako mbali, hakuna faragha, na watu pekee wa kuzungumza nao ni wale wa kazini. Mbona basi wavuvi hulirudia dago mwaka baada ya mwaka? Jibu liko katika mambo yanayoonekana kwa macho. Mabaharia wa chombo kimoja mara nyingi ni ndugu, mashemeji au watoto wa mtaa mmoja, kwa hiyo uzi wa kazi umesokotwa pamoja na nyuzi nyingine. Mapato hugawanywa kwa mafungu na si kwa mshahara, hivyo kila mmoja anamdai na kudaiwa na mwenzake. Chungu ni kimoja. Na zaidi ya yote dago lina mwisho unaojulikana. Wavuvi wa dagaa, ambao huvua kwa taa katika usiku wa giza, hupumzika mbalamwezi inapong'aa, na mwezi wenyewe huwapa kalenda ya kazi na ya kurudi. Upweke wenye mwisho huvumilika. Mwalimu wa Juani hana mwezi wa kumwambia lini dago lake litavunjwa.

Mwanga huu wa nyuzi na deni unaangaza pia kazi ya mbali ya namna mpya, ambayo inakua Tanzania taratibu na mara nyingine kwa amri: Januari 2025, wakati wakuu wa nchi walipokutana Dar es Salaam kwa mkutano wa nishati, watumishi wa umma jijini humo walielekezwa kufanya kazi nyumbani kwa siku mbili. Utafiti wa wafanyakazi 61,182 wa Microsoft nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2021 na kuchunguza nusu ya kwanza ya mwaka 2020, ulionyesha kwamba walipohamia nyumbani wote kwa pamoja, mawasiliano yao yalijifunga ndani ya makundi yao ya karibu na madaraja kati ya kundi na kundi yakapungua. Yaliyopungua ndiyo ambayo Mark Granovetter, katika makala yake maarufu ya mwaka 1973, aliyaita mahusiano dhaifu, yaani kujuana kwa juu juu na watu wengi, na alitoa hoja kwamba huko ndiko habari mpya na nafasi mpya hutokea. Mfanyakazi wa kompyuta aliye Mikocheni jijini Dar es Salaam au Mombasa, mwenye mwajiri Ulaya, ni jirani wa mwalimu wa Juani katika jambo hili kuliko wote wawili wanavyodhani: kila mmoja amekabidhi urafiki wake wote kwa orodha ya mishahara.

Na wa Juani naye anazidi kufanana na wa Mikocheni. Leo mtumishi wa umma huomba uhamisho na likizo kwa mfumo wa kielektroniki wa ESS, huandika majukumu na utendaji wake katika mfumo mwingine, PEPMIS, na huhamisha mshahara wake kwa simu. Mifumo hiyo imewapunguzia watu safari na maonevu ya kuzungushwa, na hilo ni jema. Lakini safari ya Kilindoni ya kufuatilia barua au fedha ilikuwa pia safari ya kukutana na watu: abiria wa mashua, mama wa chai, mwalimu wa kisiwa kingine aliyesoma naye chuo. Kila shida iliyohamia kwenye simu imeondoa sababu moja ya kuketi na mtu asiye wa kituo chako. Simu yenyewe haiaminiki kama inavyofikiriwa, kwani nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari tarehe 12 Mei 2024, intaneti ya Tanzania ilidhoofika kwa siku kadhaa, na kwa aliyekuwa na ndugu na marafiki wake wote ndani ya makundi ya WhatsApp, kijiji kilichobaki kilikuwa kile alichokuwa hajakizoea.

Kisiwa hiki hakikosi ujuzi wa kumgeuza mgeni kuwa mtu wa mahali. Wakazi wake wenyewe ni zao la majahazi: Wambwera, Wapokomo, Wagunya wa kutoka upande wa Lamu, masharifu wenye asili ya Hadhramaut, vizazi vya walioletwa kwa nguvu kulima minazi, wafanyabiashara wa Kihindi. Wote hao walifungwa pamoja kwa ndoa, kwa malezi, kwa ibada na kwa minazi, katika mchakato wa vizazi ambao haukuwa wa haki kwa wote, lakini ulifanya kazi. Mtumishi wa leo hukaa muda mfupi mno kwa njia ya ndoa na muda mrefu mno kwa njia ya ugeni, na hapo katikati hakuna njia iliyoandaliwa.

Njia hiyo inaweza kuandaliwa kwa mambo madogo kuliko yanayopendekezwa kwa kawaida. Bonanza la watumishi, ambalo halmashauri nyingi hulifanya kwa nia ya kuongeza ari, huukaza uzi uleule mmoja, na kundi jipya la WhatsApp hufanya vivyo hivyo. Zaidi kungefaa kujenga nyumba za watumishi mitaani, kati ya nyumba za watu, pale ambapo leo hujengwa ndani ya uwanja wa shule au nyuma ya zahanati. Kungefaa kumpa kila anayeripoti kipindi kinachojulikana, tuseme miaka minne, ambacho baada yake uhamisho wake ni haki na si fadhila, ili naye awe na mwezi wake wa kuhesabu. Na kungefaa kuhesabu kushiriki maziko na shughuli za kijiji kuwa sehemu ya kazi ya mwalimu na muuguzi, badala ya kuwa utoro unaohitaji ruhusa.

Kwa sasa barua ya kupangiwa kituo hutoka kwa mkurugenzi mtendaji wa halmashauri kwenda kwa mkuu wa shule au mganga mfawidhi, na mwenye barua hupelekwa kutambulishwa kwa mtendaji wa kijiji, ambaye husoma jina, hugonga mhuri na kumtakia kazi njema. Hakuna anayempeleka kwa imamu, kwa nahodha wa mashua ya kuvukia, kwa mzee mwenye baraza lililo karibu na nyumba atakayolala, wala kwa mwanamke ambaye uwanjani kwake ukili husukwa kila alasiri.